Nani Alimtuma? Ufundi wa Riwaya ya Muuaji wa Kukodiwa

Riwaya ya muuaji wa kukodiwa humkabidhi msomaji mhusika asiyestahili kupendwa, kisha humtembeza naye hatua kwa hatua mpaka msomaji huyo ajikute anaombea mtu huyo asikamatwe. Ufundi wake uko hapo, na ugomvi unaoizunguka huanzia hapo hapo. Nairobi ni mahali pazuri pa kuutazama ugomvi huo, kwa sababu hadithi za aina hii zimesomwa mjini humo na karani, makanga, mwanafunzi na wakili. Kwenye maduka ya inama, vitabu vya mitumba vinapotandazwa juu ya magunia kando ya njia, Frederick Forsyth na James Hadley Chase hulala ubavuni mwa vitabu vya marudio ya mitihani. Nakala nyingi hazina jalada, na zilizo nalo zimeunganishwa kwa utepe wa gundi. Mnunuzi huinama, hufungua katikati, husoma nusu ukurasa akiwa bado ameinama, ndipo huuliza bei. Asiponaswa na nusu ukurasa huo hukirudisha kitabu guniani. Mwandishi wa riwaya za kusisimua hapati mtihani mgumu kuliko huo.

Kitabu kinachotajwa kwanza katika mabishano haya ni The Day of the Jackal cha Forsyth, kilichotoka mwaka 1971. Kundi la OAS, lililoundwa na wanajeshi na walowezi waliopinga uhuru wa Algeria, linamkodi Mwingereza mmoja kwa nusu milioni ya dola amuue Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa. Kitabu kilipotoka, dunia nzima ilikwisha kujua kwamba de Gaulle alifia nyumbani kwake Novemba 1970, bila jeraha la risasi. Wachapishaji kadhaa walikuwa wamekikataa hata kabla ya kifo hicho, de Gaulle akiwa bado hai: nani atanunua hadithi ambayo mwisho wake unajulikana? Forsyth, aliyewahi kuwa mwanahabari wa Reuters jijini Paris, aliona jambo ambalo wao hawakuliona. Kilichomshika msomaji ni kazi yenyewe: hati za kusafiria za bandia, fundi wa bunduki, silaha iliyofichwa ndani ya magongo ya kiwete.

Kuna mahali ufundi huo unaonekana wazi kuliko pengine pote. Muuaji ananunua tikiti, analiweka katika mfuko wa wavu, analitundika mtini katika msitu wa Ardennes, kisha anarudi nyuma hatua nyingi. Anapiga risasi, anakwenda kutazama tundu, anageuza skrubu ya darubini kidogo, anarudi kupiga tena. Hatimaye anaweka risasi ya kulipuka, na tikiti linasambaratika. Hakuna mtu aliyeuawa katika kurasa hizo, wala mwandishi hakutamka neno la kutisha, lakini msomaji amekwisha kuona kichwa cha mzee wa miaka zaidi ya sabini.

Maoni kuhusu kitabu hicho hayakubaliani. Wapo wanaolalamika kwamba kinakwenda kwa mwendo wa kobe, na kwamba muuaji wake hana jina, hana utoto, hana moyo. Wengine hukisifu kwa hayo hayo. Lawama ya mwendo ni dhaifu: ukiondoa mwendo huo wa polepole, hofu nayo inaondoka. Lawama ya kukosa moyo ina uzito kidogo, ingawa Forsyth alijua alichokuwa akifanya. Hata baada ya muuaji kuzikwa, polisi hawajui alikuwa nani. Lawama nzito ni ya tatu, kwamba kitabu hiki kinafundisha uhalifu. Mbinu ya kuomba pasipoti kwa jina la mtoto aliyefariki ilikuwa mwanya wa kweli nchini Uingereza, na uliendelea kuwa wazi miaka mingi baada ya kitabu kuchapishwa.

Nairobi ina swali lake, nani alimtuma muuaji, na swali hilo huibadili riwaya nzima. Tarehe 24 Februari 1965, Pio Gama Pinto, mwanahabari na mbunge, alipigwa risasi ndani ya gari lake nje ya nyumba yake Westlands, binti yake mdogo akiwa kiti cha nyuma. Kisilu Mutua alifungwa kwa mauaji hayo, akaachiliwa mwaka 2001 akishikilia kwamba hakuua. Tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya, waziri serikalini, aliuawa mchana wa Jumamosi alipokuwa akitoka katika duka la dawa la Chhani, kwenye barabara ambayo leo inaitwa Moi Avenue. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa akanyongwa mwaka huo huo. Katika kesi zote mbili, mtu aliyedaiwa kuhusika na mauaji alipelekwa mahakamani, na aliyemtuma hakuwahi kupandishwa kizimbani. Sanamu ya Mboya imesimama hatua chache kutoka pale alipoanguka, na wanunuzi wa vitabu hupita karibu nayo wakielekea barabara yenye jina lake.

Kwa hiyo msomaji wa jiji hili hukifungua kitabu cha muuaji wa kukodiwa akiwa na deni ambalo msomaji wa Paris huenda hana. Kuna wanaoona kwamba kumfanya muuaji awe mtanashati, mwerevu na mwenye kuchagua mvinyo vizuri ni kuwatonesha waliofiwa. Kuna wanaojibu kwamba hadithi ya kubuni ndiyo mahali pekee mnyororo wote unapoonekana: anayeagiza, anayelipa, anayetafuta mtu, anayefyatua. Forsyth anawaonyesha waagizaji, chumbani, wakijadili bei. Maoni haya ya pili yana nguvu zaidi. Riwaya inayomficha mwagizaji humwacha msomaji na mtu mmoja mwenye bunduki, na hapo ndipo masimulizi ya Pinto na Mboya yaliachwa pia.

Jambo la ajabu ni kwamba muuaji akilipwa na serikali, malalamiko hupungua. Willy Gamba wa A. E. Musiba, mpelelezi wa Kitanzania, ameua wengi na bado hupigiwa makofi. David Maillu naye alimpa jasusi wake Benni Kamba namba 009 katika The Equatorial Assignment (1980), na wasomaji wakafurahia. Mauaji ni yale yale. Kilichobadilika ni bendera. Msomaji makini hana budi kujiuliza mbona bendera inatosha.

Kenya ina kitabu chake kilichozua ubishi mkubwa wa aina hii, ingawa mhusika wake ni jambazi, hakodiwi kuua. John Kiriamiti, aliyehukumiwa miaka 20 mwaka 1971 kwa wizi wa mabavu, aliandika My Life in Crime akiwa gerezani. Kilichapishwa mwaka 1984 katika mfululizo wa Spear, mwaka ule ule aliotoka. Msimulizi, Jack Zollo, anazungumza kwa nafsi ya kwanza, na uchaguzi huo ndio ulioleta kelele. Forsyth humtazama muuaji wake kwa mbali. Zollo anamshika msomaji mkono na kumweleza namna ya kupanga, kuiba gari, kugawana na kutoroka. Walimu na wazazi waliona kijana atatamani maisha hayo. Vijana wenyewe walikisoma kwa siri na kukipitisha mkono kwa mkono mpaka kikachanika. Watetezi husema kitabu hakifichi kifungo kinachomngoja, na ni kweli, ila kurasa za furaha ni nyingi kuliko za kifungo, na Kiriamiti anaandika furaha vizuri kupita kiasi. Hiyo ni sifa ya mwandishi na ni hatari ya kitabu kwa wakati mmoja. Hakuna haja ya kuchagua moja.

Jibu bora la Kiriamiti kwa wasomaji halikuwa la kujitetea. Mwaka 1989 kilitoka My Life with a Criminal: Milly's Story, ambamo mpenzi wa Zollo anasimulia maisha yale yale kutoka upande wake: alimpenda mtu bila kuijua kazi yake. Safari ambazo katika kitabu cha kwanza zilikuwa ushujaa, hapa ni kutokuwapo nyumbani bila maelezo. Pesa zilizohesabiwa kwa shangwe zinakuwa maswali ambayo mwanamke anaogopa kuyauliza. Waandishi wachache hupata nafasi ya kumrudia mhalifu wao wenyewe na kumweka mbele ya mtu aliyemdanganya, na wachache zaidi wangeitumia. Anayetaka kukihukumu kitabu cha 1984 na akisome hiki cha 1989 kabla hajatoa hukumu.