Seli Moja, Kishimo Kimoja

Kwa mgonjwa wa lupasi, kingamwili zinazopaswa kupambana na vijidudu huvigeukia viini vya seli za mwili wenyewe. Hushika DNA na protini zake, na mafungu hayo yakinasa kwenye figo, figo huvimba na kuharibika. Hilo madaktari wamelijua muda mrefu. Lililokuwa gumu ni kujua asili yake: seli B zinazotengeneza kingamwili hizo huzaliwa na kasoro hiyo, au huipata ukubwani?

Seramu, yaani majimaji ya damu, haiwezi kujibu. Kingamwili za kila namna zimechanganyika humo, na seli B changa bado hazijaanza kumwaga kitu kwenye damu. Kila moja imeibeba kingamwili yake juu ya utando wake. Ukitaka kuijua, huna budi kuichukua peke yake. Hedda Wardemann na wenzake, katika maabara ya Michel Nussenzweig kwenye Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliifanya kazi hiyo na kuichapisha mwaka 2003. Mimi naihesabu miongoni mwa kazi nzuri kabisa za mikono katika sayansi ya kinga.

Seli hutolewa kwenye uboho au damu, mashine ikazitenga na kudondosha moja moja kwenye sahani ya vishimo 96. Ndani ya kila kishimo mna tone dogo mno la maji ya dawa, na sahani imewekwa juu ya barafu kavu ili seli igande papo hapo. RNA yake ni haba na huharibika upesi. Kugusa kwa kidole kitupu kunatosha kuipoteza. Ikinakiliwa kuwa DNA, jeni mbili hutafutwa humo, ya mnyororo mzito na ya mnyororo mwepesi, kwa kuwa kingamwili huundwa na yote miwili.

Hapa ndipo umakini unapohitajika zaidi. Mnyororo mzito wa kishimo kimoja ukioanishwa kwa bahati mbaya na mwepesi wa kishimo jirani, utapata kingamwili safi kabisa ambayo hakuna seli iliyowahi kuitengeneza. Itapimwa, itatoa jibu, na jibu hilo litakuwa uongo. Kwa hiyo kila jozi hulindwa kuanzia kishimo, kupitia bakteria wanaoizidisha, mpaka kwenye seli za figo zinazooteshwa maabarani, ambazo hupewa jeni hizo ili zitengeneze kingamwili yenyewe. Ni kuchambua mchele punje kwa punje, na kila punje ikumbukwe ilikotoka.

Mwishoni kingamwili humwagwa juu ya slaidi yenye seli za binadamu, kisha hutiwa rangi inayong'aa kijani. Chini ya hadubini, kama inashambulia mwili, seli hizo huwaka: mara kiini kizima, mara madoa tu, mara sehemu inayokizunguka.

Kwa watu wenye afya, asilimia 55 hadi 75 ya seli B changa kabisa za uboho zilitoa kingamwili za namna hiyo. Kuzaliwa na kasoro, basi, ni jambo la kawaida. Nyingi huondolewa kwa hatua mbili, kwanza ubohoni na tena baada ya kutoka humo, hata kwa zilizokomaa ikabaki takriban asilimia 20. Mwaka 2005 maabara hiyohiyo iliwachunguza wagonjwa wa lupasi ambao hawajatibiwa, ikakuta asilimia 25 hadi 50 kwenye seli zilizokomaa ambazo hazijawahi kukutana na adui yeyote. Mchujo wao ulikuwa umelegea.

Mwaka 2008 ukaja ufundi ninaoustaajabia zaidi. Watafiti hao walichukua kingamwili za seli B za kumbukumbu za wagonjwa, yaani zile zilizokwisha kukutana na adui, wakayafuta mabadiliko yote ambayo jeni zao zilipata ukubwani, kisha wakazitengeneza upya jinsi zilivyokuwa zilipozaliwa na kuzirudisha kwenye vipimo. Baadhi zilikuwa na kasoro tangu awali. Nyingine, katika umbo lao la kuzaliwa, hazikugusa chochote cha mwili. Mabadiliko yaleyale yanayomsaidia mtu kushinda maambukizi ndiyo yaliyozigeuza.