Vidonda vya mdomoni: uliza kwanza dawa ilianza lini

Mgonjwa anayetoka visiwa vya Kome au Maisome hadi afike Hospitali Teule ya Wilaya ya Sengerema, mara nyingi ameshatumia dawa njiani: Septrin za dukani, sindano ya zahanati, vidonge vya presha alivyoandikiwa zamani. Kwa hiyo mdomo ukiwa umevimba au umechubuka, hakuna kipimo kinachomsaidia tabibu kuliko maswali mawili: umetumia dawa gani, na ulianza lini?

Jibu likiwa ni dakika chache zilizopita, maswali yaishie hapo. Midomo na ulimi vimevimba, sauti imekwaruza, kifua kinapiga filimbi, mgonjwa anatapika, presha inashuka: huo ni mzio mkali wa ghafla, na dawa yake ni adrenalini. Mtu mzima anachomwa miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, katikati, upande wa nje. Mtoto miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito wake. Alazwe chali na miguu iinuliwe, ila anayehema kwa shida aachwe akae. Dakika tano zikipita bila nafuu, achomwe tena. Kuanza na haidrokotisoni na Piriton huku adrenalini iko kabatini ni kosa linaloua. Dawa hizo mbili zinachelewa kufanya kazi, hazifungui koo wala hazipandishi presha. Wala vipele visisubiriwe, kwani wapo wagonjwa wasiotoka kipele hata kimoja.

Kuna uvimbe mwingine unaofanana na huo. Mtu anayetumia kaptopili, enalapili au lisinopili anaamka midomo imefura, haiwashi, na mwilini hana kipele. Dawa anaweza kuwa ameitumia miezi, hata miaka, bila shida yoyote, ndiyo maana haishukiwi. Hapa adrenalini haisaidii sana; la muhimu ni kulinda njia ya hewa na kuiacha dawa hiyo moja kwa moja. Lakini tabibu akiwa na shaka, achome adrenalini.

Penye kazi zaidi ni pale jibu linapokuwa wiki moja hadi nne. Homa, macho mekundu yanayouma, kisha midomo inachubuka na kuganda magamba ya damu. Tabibu afunue kope, aulize kuhusu sehemu za siri, na aguse ngozi yenye mabaka meusimeusi. Ngozi inayouma kuliko kuwasha, tena inayoteleza na kubanduka ikisukumwa kwa kidole, inaelekeza kwenye sindromu ya Stevens-Johnson. Washukiwa wanajulikana: Septrin na SP (sulfadoksini-pirimethamini) zenye salfa, nevirapini, dawa za kifafa kama kabamazepini na fenobabito, na alopurino. SP ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria Tanzania kuanzia 2001 hadi 2006, na wajawazito bado wanapewa kama kinga.

Hali ya VVU nayo iulizwe hapohapo. Mwaka 1991 mtafiti Paul Nunn na wenzake walichapisha walichokiona kwa wagonjwa wa kifua kikuu Nairobi waliopewa thiasetazoni. Waliwatenganisha kwa majibu ya VVU, na tofauti ikajitokeza wazi: wenye VVU waliopata mzio wa ngozi walikuwa asilimia 20, wasio na VVU asilimia 1. Dawa ile, iliyotumika sana hata hapa Tanzania, ikaachwa kupewa wenye VVU. Salfa nazo huwasumbua zaidi watu haohao, na ndio wanaopewa Septrin ya kinga.

Si kila kidonda cha mdomoni kimeletwa na dawa. Zungushia gozi kidoleni, futa ulimi. Utando mweupe ukitoka na kuacha wekundu, ni fangasi. Mistari myeupe pembeni mwa ulimi isiyofutika inahitaji kipimo cha VVU. Mulika kaakaa kwa tochi: doa la zambarau lisilouma, linalopitwa na wengi kwa sababu mgonjwa halilalamikii, linaweza kuwa saratani ya Kaposi. Na doa moja jeusi la mdomoni linalowaka upya mahali palepale kila Septrin inapomezwa, ni mzio wa dawa hiyo.

Mwenye Stevens-Johnson aache dawa inayoshukiwa siku hiyohiyo, kisha apelekwe hospitali ya Bugando, Mwanza. Tangu Juni 2025 gari la wagonjwa halisubiri tena kivuko, linapita daraja la Kigongo–Busisi. Mwenye mzio wa ghafla hana muda wa safari hiyo, kwa hiyo adrenalini ikae zahanati, pale sindano ilipochomwa.

Ijazwe fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na jina la dawa, la kibiashara na la kitaalamu, liandikwe kwa wino kwenye daftari la mgonjwa, maana Septrin inauzwa kwa majina mengi na muuza duka wa Kome atasoma lile lililoandikwa.