Masizi Yanayoushika Mpira

Matairi ya mwanzo ya magari hayakuwa meusi. Yalikuwa na weupe wa kijivu uliotokana na oksidi ya zinki, na yalilika upesi barabarani. Mwaka 1904, katika kiwanda cha mpira cha Silvertown, London, S. C. Mote alibaini kwamba masizi huuimarisha mpira. Weusi tunaouona leo kwenye tairi la lori ndio unaoliwezesha kupita juu ya kokoto na shehena yake bila kuchanika.

Uimara huo hupimika. Mpira wa viwandani uitwao SBR, ukipikwa kwa salfa bila masizi, hukatika kwa mvuto mdogo tu. Ukitiwa masizi yanayofaa, nguvu inayohitajika kuukata huweza kuongezeka mara kumi. Mpira wa mti una uimara wake wa asili, kwa kuwa minyororo ya molekuli zake hujipanga kuwa fuwele unapovutwa. Hata hivyo, nao huyahitaji masizi ili usilike haraka.

Siri iko katika udogo wa chembe. Gramu moja ya masizi ya matairi huweza kuwa na uso wa mita za mraba 80 hivi, na ni juu ya uso huo minyororo ya mpira hujishikiza. Chaki iliyosagwa kwa chembe kubwa hujaza nafasi na kupunguza gharama, lakini haiongezi nguvu.

Hapo ndipo mchanganyaji anapostahili heshima. Masizi hufika kiwandani yakiwa yameshikamana, na kila donge litakalobaki ndani ya mpira litakuwa mwanzo wa ufa. Kwa hiyo hutia masizi kidogo kidogo kati ya rola mbili zinazozunguka kwa kasi tofauti. Hukata shuka la mpira kwa kisu, hulikunja, hulirudisha, kama mpishi asongaye ugali mpaka madonge yaishe. Mafuta hayatangulizi, kwa sababu mpira ukilainika mapema huteleza na madonge hayavunjiki. Joto nalo hulichunga kwa sababu hiyo hiyo. Salfa huja mwisho, mpira usije ukaiva kabla ya kufika kwenye kalibu. Kisha hukata kipande na kuutazama uso wake: uking'aa na kuwa laini, masizi yameenea.

Kipimo nacho kina adabu yake. Kwa kila sehemu 100 za mpira, sehemu 50 hivi za masizi ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukizidisha mno, mpira unaobaki hautoshi kuzishika chembe zote. Mchanganyiko hukakamaa, hupata joto unapokunjwa mara kwa mara, na nguvu yake huanza kushuka.

Silika, ikitumiwa badala ya masizi, inadai uangalifu zaidi. Uso wake hupenda maji na haupatani na mpira, hivyo huunganishwa kwa kemikali iitwayo silani. Kwa njia hiyo, katika miaka ya 1990, Michelin ilitengeneza matairi yanayobiringika kwa wepesi zaidi na kuokoa mafuta.

Fundi anayekata makatambuga kutoka tairi kuukuu hupata soli ya kudumu miaka. Masizi mtu yeyote aweza kuyanunua. Uimara wa soli ile ni kazi ya mchanganyaji aliyekataa kuliachia donge hata moja.