Mpira unatibu msongo wa mawazo? Uliza kwanza wavu uliotumika

Umesikia mara ngapi kwamba "tafiti zinaonyesha michezo inaimarisha afya ya akili ya vijana"? Ukiuliza tafiti zipi, unaonyeshwa mapitio ya kimfumo, yaani kazi ya kukusanya tafiti zote za swali moja, kupima ubora wake, kisha kutoa jibu la jumla. Hapo wengi hufunga mjadala. Wewe usiufunge.

Wavuvi wa Mbamba Bay na Liuli watakuelewa haraka. Ukivua kwa wavu wa macho makubwa, dagaa wote wanapita. Sasa urudi ufukweni utangaze eti Ziwa Nyasa halina dagaa! Mapitio yanayotafuta makala za Kiingereza tu, tena zilizokwisha kuchapishwa, yana wavu wa namna hiyo. Kinachopita mara nyingi ni matokeo yasiyopendeza, maana utafiti usioonyesha faida hupata shida zaidi kuchapishwa.

Hebu tazama Gulu, kaskazini mwa Uganda, eneo lililotoka vitani. Mwaka 2014 Justin Richards na wenzake walichapisha utafiti kuhusu ligi ya mpira ya wiki 11 kwa vijana wadogo. Wavulana waligawanywa kwa bahati nasibu: hawa wacheze, wale wasubiri. Kwenye dalili za sonona, waliocheza waliishia na hali mbaya kuliko waliosubiri. Utafiti mmoja haumalizi kesi, sawa. Lakini ukiuacha nje ya mapitio, wastani utapendeza kuliko ukweli.

Utaambiwa: "Tumefuata PRISMA." Mwongozo huo, toleo la 2020, una vipengele 27, na ni mzuri. Ila ni mwongozo wa kuripoti. Unakuwezesha kuona waandishi walifanya nini. Hauthibitishi kwamba walikifanya vizuri.

Kwa hiyo soma sehemu ya mbinu kabla ya hitimisho. Je, mpango uliandikwa na kusajiliwa kabla ya kazi kuanza? Walitafuta wapi, na kwa lugha zipi? Tafiti dhaifu zimepewa uzito sawa na zile imara? Washiriki walikuwa akina nani: wanafunzi wa vyuo vya Ulaya, au watoto wanaofanana na wa Mbinga, wanaosaidia shamba la kahawa kabla ya kwenda uwanjani?

Mradi unaweza kufika huko kesho na mipira, jezi na ripoti nzuri. Kabla ya kupiga makofi, uliza: kuna vijana walioumia, na humu ndani wamehesabiwa ukurasa gani?