Mshono Mmoja, Hukumu Mbili

Bamba la chuma la unene wa milimita 6 limechomelewa. Pembeni mwa mshono moto umekula chuma na kuacha mfereji wenye kina cha milimita 0.4. Mjini Mombasa, mtahini wa Changamwe anaweza kumpitisha fundi, mwenzake wa Likoni akamwangusha, na kila mmoja akawa na hoja. Kiwango cha kimataifa cha ISO 5817 kina madaraja matatu ya ubora: kwa bamba hilo, daraja C huruhusu mfereji wa hadi milimita 0.5, ilhali daraja B hukomea milimita 0.3. Fomu ya tathmini ikisema tu kwamba mshono uwe safi, kila mtahini atapima kwa daraja alilolizoea kazini.

Kwa hiyo usawazishaji wa hukumu za watahini huanza kabla ya mtahiniwa kuwasha mashine. Wengi huuona kama kazi ya kupekua alama mtihani ukishakwisha. Wakati huo kosa kubwa limeshatendeka. Watahini wa vituo vyote wanapaswa kukaa meza moja, wapewe vipande vilevile, kila mtu ahukumu peke yake kwa geji mkononi, kisha walinganishe. Vipande vya mpakani, vile vinavyoponea chupuchupu, ndivyo vyenye funzo. Mshono mzuri sana hauwagombanishi watahini.

Nchini Kenya, Sheria ya Mafunzo ya Kiufundi ya mwaka 2013 iliunda TVET CDACC, baraza linalosimamia mitaala, tathmini na vyeti vya umilisi. Katika mfumo huo mtahini hupima, mhakiki wa ndani hupitia kazi yake kituoni, kisha huja mhakiki wa nje. Ngazi hizo ni nzuri, lakini mhakiki wa nje mara nyingi hukuta jalada la ushahidi: fomu, saini, picha. Picha haioneshi kina cha mfereji. Kipande chenyewe kitunzwe, kigongwe namba ya mtahiniwa, kiweze kupimwa upya.

Tena alama pekee hazitoshi kulinganishwa. Mazingira nayo yalinganishwe. Hewa ya Pwani ina unyevu, na elektrodi za haidrojeni kidogo, kama E7018, hunyonya unyevu huo zikiachwa wazi. Zinatakiwa kutunzwa katika oveni yenye joto. Kituo kimoja kikiwa na oveni na kingine kikichota fimbo kutoka pakiti iliyofunguliwa juzi, vitobo vya hewa kwenye mshono vitaandikwa kwa jina la fundi, naye hakukosea. Mhakiki asiyeuliza fimbo zilitunzwa wapi hajahakiki. Hili linaniuma hasa kwa mafundi wa jua kali, waliochomelea mageti na bodi za malori miaka mingi, na sasa wanataka ujuzi wao utambuliwe kwa cheti. Wengi wao hawatajua kwamba wana haki ya kulalamika.

Kuchagua sampuli nako kuna hila. Kituo kisijichagulie kazi za kuonesha. Mhakiki achukue waliopita, walioanguka na waliokaribia mpaka, akihakikisha hakuna mtahini aliyeachwa. Akikuta mtahini mmoja ana mkono mlegevu, kusahihisha vipande vya sampuli tu ni kuwaonea wengine; kundi zima la mtahini huyo lipimwe upya kabla ya matokeo kuidhinishwa, hata kama kadi za mahafali zimeshachapishwa.