Zilizopendwa na nani? Vibao vya George Mukabi na ujanja wa kitenzi

KAULI ya kutendwa ina ujanja mmoja ambao walimu wa sarufi huutaja kwa haraka kisha wakaendelea na mengine. Inakuruhusu kumficha mtenda. Ukisema “ng’ombe ameibwa”, mwizi hatajwi. Ukisema “mkutano umeahirishwa”, aliyeuahirisha hana jina. Na ukisema “zilizopendwa”, kama tusemavyo Kenya kila tunapotaja muziki wa zamani, aliyependa hajulikani. Isitoshe, kitenzi chako kimekwisha kuamua kwamba mapenzi yenyewe yalipita.

Nimerudi kulipima neno hilo kwa sababu ya Furaha Wenye Gita, albamu iliyokusanya vibao vya George Mukabi. Mukabi alikuwa mwana wa Kisa, katika eneo ambalo leo ni kaunti ya Kakamega. Aliaga dunia mwaka 1963, nchi ikiwa mlangoni mwa uhuru. Ilichukua zaidi ya miaka hamsini, na kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Olvido Records, nyimbo zake kutolewa pamoja kama kazi ya mtu mmoja mwenye jina. Ni albamu ninayoipenda, na nitaeleza sababu. Lakini kwanza tumalizane na kitenzi.

Ndugu zetu Watanzania husema “zilipendwa”. Sisi husema “zilizopendwa”. Tofauti ni silabi moja tu, lakini ni silabi nzito. “Zilipendwa” ni sentensi kamili: nyimbo hizo zilipendwa, nukta. “Zilizopendwa” ina kirejeshi -zo- ndani yake, kwa hiyo inasubiri kitu: nyimbo zilizopendwa zimefanya nini? Zimeenda wapi? Mkenya hajibu. Anaiacha sentensi ikining’inia, anaongeza sauti ya redio. Kwa vyovyote vile, kiambishi cha wakati ni -li- pande zote mbili za mpaka. Zilipendwa zamani. Leo ni kumbukumbu.

Sasa hebu tazama jina la wimbo wa Mukabi unaojulikana zaidi: “Sengula Nakupenda”. Na-ku-penda. Kitenzi ni kile kile, -penda, ila hapa kiko katika wakati uliopo na kauli ya kutenda. Anayependa yupo, anayependwa ametajwa kwa jina lake, na jambo lenyewe linatendeka sasa hivi, kila sindano inapogusa santuri. Sisi tumeuchukua wimbo huo tukautia katika sanduku lililoandikwa “zilizopendwa”. Mpenzi tumemfuta, mpendwa tumemfuta, na wakati tumeurudisha nyuma. Jamani, sanduku hilo tulilitengeneza sisi wenyewe, wala hatukumngoja mgeni.

Anayedhani hili ni suala la maneno tu na afike Lubao, soko lililo kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye, linalojulikana kote nchini kwa mnada wa mbwa siku ya Ijumaa. Katika masoko yetu ya Magharibi huku, mtu anayetaka nyimbo ajaziwe katika memori kadi haombi “zilizopendwa”. Hilo ni neno la mtangazaji. Yeye husema tu, “Niwekee za Mukabi,” au za Kabaka, au za mwingine yeyote anayemtaka. Anataja mtu na analipa pesa zake. Huo ni upendo wa wakati uliopo, na sarufi yake ni sahihi kuliko ya redio.

Jina la soko lenyewe lina somo kwa mwanaisimu. Lubao, katika lugha kadhaa za Waluhya, ni ubao. Kiswahili kilidondosha l ya kiambishi cha ngeli hiyo zamani, Kiluhya kikaihifadhi: olulimi kwao ni ulimi kwetu, olwimbo ni wimbo, olubao ni ubao. Kumbe wimbo na ubao ni watoto wa ngeli moja, U-ZI: wimbo huu, nyimbo hizi, ubao huu, mbao hizi. Ndiyo maana watangazaji wanaosema “nyimbo hii inatoka kwa” hutukwaruza masikio. Ni sawa na kusema “mbao hii” ilhali fundi amebeba ubao mmoja.

Na hapo hapo kuna kibao. Maana yake ya msingi ni ubao mdogo. Kisha ni kofi (amezabwa kibao), kisha ni wingi (watu kibao), na katika kurasa za burudani ni wimbo uliovuma. Neno albamu nalo, tulilolipata kupitia Kiingereza, asili yake ni Kilatini: album ilikuwa ubao uliopakwa rangi nyeupe, ukaandikwa matangazo ya serikali ya Roma ili wananchi wasome. Baadaye likawa jina la kitabu cha kuhifadhia picha, na kisha la jalada lenye mifuko ya kubebea santuri kadhaa pamoja, maana santuri moja ya mizunguko 78 kwa dakika haikuweza kubeba zaidi ya dakika tatu hivi kila upande. Kwa hiyo albamu ya vibao, ukiifuata hadi mizizini, ni ubao mkubwa uliopangiwa mbao ndogo. Swali la mhakiki ni lile lile la Roma: nani ameandika juu ya ubao huo, na ameuweka mahali gani ili nani asome?

Nianze na jina. Furaha Wenye Gita. Mtahini wa Karatasi ya Pili angelipiga kalamu nyekundu mara mbili. Kwanza, furaha ni nomino ya ngeli ya I-I, kwa hiyo tungetarajia “yenye”. Pili, kamusi hutupa “gitaa”, wala si “gita”. Nimewasikia wasomi wakilicheka jina hilo, wakasema ndiyo matokeo ya Mzungu kuandika Kiswahili.

Mimi nasema wamecheka mapema. “Wenye” hapa haimwelekei furaha. Inawaelekea watu. Ni wenye magitaa wanaoambiwa habari ya furaha: furaha ni yenu, enyi wenye gita. Kilichodondoshwa ni kiunganishi tu, na udondoshaji ni mali halali ya Kiswahili. Methali husema “mgeni njoo, mwenyeji apone” bila kueleza uhusiano wa vishazi hivyo, na hakuna mtahini aliyewahi kuisahihisha. Vichwa vya habari magazetini hufanya hivyo kila siku: “Afueni wakulima wakilipwa.” Kuhusu gita, ndivyo neno linavyotamkwa na watu wanaolipiga chombo chenyewe. Tena kwa Waluhya wengi hata g hiyo ni jitihada, kwa kuwa katika lahaja nyingi za Kiluhya b, d na g hazisikiki ila zikitanguliwa na sauti ya puani. Utani wa Wakenya kuhusu Mluhya anayepanda “pasi” unatokana na kanuni hiyo ya fonolojia, wala hautokani na ukosefu wa elimu.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Tumezoea kuamini kwamba Kiswahili cha wimbo kinapaswa kuwa cha Pwani ndipo kiwe cha kuhakikiwa. Taarab tunaijadili, tunahesabu mizani na vina. Lakini Kiswahili kilichosafiri na reli, na mashamba makubwa, na makambi ya jeshi, kikakutana na gitaa, tumekiacha nje ya darasa. Mwenda Jean Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Katanga akiimba “Masanga”, na akafika mpaka Nairobi na gitaa lake na Kiswahili chake cha Kongo. Wapigaji wa Magharibi mwa Kenya walimsikiliza, wakajifunza, kisha wakaondoka na njia yao. Njia hiyo ndiyo omutibo, ambayo Mukabi anatajwa miongoni mwa waasisi wake.

Omutibo ni nini kwa sikio? Ni gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, linalopigwa kwa vidole. Kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinachonga wimbo juu yake, hivi kwamba mtu mmoja anasikika kama wawili. Pembeni kuna chupa ya soda yenye migongomigongo ikikwaruzwa kwa chuma kushika mapigo. Sauti ya mwimbaji haikimbilii kuingia. Gitaa hutangulia kusema, mwimbaji husema baadaye, kisha gitaa likamjibu. Ni majibizano yale yale ya kiongozi na waitikiaji tunayoyafundisha katika fasihi simulizi, ila mwitikiaji hapa ana nyuzi sita.

Ubora wa kuvisikiliza vibao vya Mukabi kwa mfululizo ni kwamba unaanza kuusikia mpangilio huo kama uamuzi wa msanii. Wimbo mmoja redioni, katikati ya matangazo ya sabuni na salamu, ni burudani ya dakika tatu. Nyimbo kadhaa mfululizo ni hoja. Unasikia namna anavyobana kisa chote ndani ya mipaka ya santuri, na unaelewa kwa nini majina ya nyimbo zake yana ukali wa methali. “Mtoto si Nguo”, kwa mfano. Muundo wake ni wa kukanusha mlinganisho: hiki si kile. Ndio muundo wa “jino la pembe si dawa ya pengo”. Maneno matatu, na tayari umeshaanza kufikiri kuhusu kitu kinachoazimwa, kinachovaliwa kikavuliwa, na kile kisichoweza kufanyiwa hivyo. Mshairi wa tarbia angehitaji ubeti mzima.

Lakini albamu ya aina hii ina kasoro yake ya kimaumbile, na wapenzi wa Mukabi wasinikasirikie. Kila mkusanyiko wa vibao ni uhakiki uliojificha. Anayechagua nyimbo hizi na kuziacha zile anahukumu, ila hukumu yake haina maelezo. Inakuja kama jedwali la nyimbo tu. Ni kauli ya kutendwa tena: zimechaguliwa. Na nani? Katika historia ya muziki wa Magharibi mwa Kenya, mara nyingi jibu ni mtu wa mbali. Mwaka 1968 “Helule Helule” ya Daudi Kabaka iliimbwa na kundi la Kiingereza, The Tremeloes, ikaingia katika ishirini bora za Uingereza. Mwaka 1989 nyimbo za Abana ba Nasery wa Bunyore, akina Shem Tube, zilikusanywa na kutolewa na GlobeStyle ya London. Kisha Mukabi, na Marekani.

Siwalaumu wageni hao hata kidogo. Aliyeokota jembe lako njiani akalipangusa udongo anastahili shukrani. Ninachouliza ni sisi tulikuwa tukifanya nini. Mengi yaliyoandikwa kumhusu Mukabi yameandikwa kwa Kiingereza, ilhali yeye aliimba kwa Kiswahili na kwa Kiluhya. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu pale Lubao anaweza kukutajia nyiso, mbolezi, hodiya, wawe na kimai bila kupumua. Kimai, nyimbo za mabaharia, na yeye bahari hajaiona! Muulize omutibo ni nini. Atakutazama. Babu yake, mlango wa pili, angeweza kumpigia.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. La kwanza ni dogo: tuache kuziita nyimbo hizi zilizopendwa wakati zingali zinapendwa. Kiswahili kina njia ya kusema hivyo bila kufungwa na wakati. “Zipendwazo” ni neno zuri, fupi, lenye kirejeshi cha mwisho, halina -li- wala -na-. Linasema nyimbo hizi hupendwa, jana, leo na kesho. Wanaopendelea “vibao vilivyovuma” nawakumbusha methali kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Gitaa la Mukabi halikuvuma kwa namna hiyo. Liliendelea tu kulia, na mwanawe Johnstone Mukabi akaliendeleza.

La pili ni kubwa zaidi. Mwalimu wa fasihi simulizi anayefundisha sifa za nyimbo na achukue wimbo mmoja wa Mukabi aupeleke darasani, auchezeshe kwa simu, kisha awaulize wanafunzi maswali yale yale ya mtihani: nafsineni ni nani, anamwambia nani, takriri iko wapi, gitaa linajibu nini? Wakikutana na “wenye” isiyokubaliana na ngeli waliyoikariri, asiwaruhusu kucheka kabla hawajauliza inamrejelea nani. Hilo ndilo swali la kwanza la sarufi, na ndilo la kwanza la uhakiki pia. Mitaala haikatazi jambo hilo, na memori kadi ya Lubao si ghali.