Ukimya wa Marika: Mtoto na Wenzake katika Riwaya ya Mark Haddon

Riwaya ya Mark Haddon, The Curious Incident of the Dog in the Night-Time, iliyochapishwa Uingereza mwaka 2003, imesomwa na wengi kama kioo cha mtoto mwenye hali ya Asperger. Jina hilo lilitokana na Hans Asperger, daktari wa Vienna aliyewaeleza watoto wa namna hiyo mwaka 1944, na likaenezwa na Lorna Wing mwaka 1981. Mwaka 2013 mwongozo wa wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani uliiingiza hali hiyo katika usonji. Usomaji huu umezaa dai kwamba mtoto kama Christopher Boone hana haja ya marika. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa dai hilo linapuuza fani ya riwaya yenyewe, hususan nafsi ya usimulizi.

Christopher ana umri wa miaka 15, anaishi mjini Swindon na anasoma katika shule ya watoto wenye mahitaji maalumu. Hata hivyo, wahusika wanaomzunguka ni watu wazima: baba, mama, majirani na Siobhan, mwalimu wake. Wanafunzi wenzake hupita kama vivuli. Wanatajwa, lakini hawapewi usemi. Yeye huwaona wajinga, ingawa anajua kwamba hatakiwi kuwaita hivyo. Kinaya kinajitokeza pale Terry, kaka wa mwanafunzi mmoja, anapomkejeli kwamba kazi atakayoipata ni kukusanya vitoroli vya supamaketi au kuzoa kinyesi cha punda. Terry anampima Christopher kwa kipimo kile kile ambacho Christopher anawapimia wenzake. Nyani haoni kundule.

Ni muhimu kukumbuka kwamba msimulizi wa nafsi ya kwanza hutupa kile tu anachokiona. Kwa hivyo ukimya wa marika hauthibitishi kwamba hawana la kusema, wala kwamba Christopher hawahitaji. Damian Milton, mwanazuoni ambaye mwenyewe ana usonji, alisisitiza mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao ni kwa pande mbili. Riwaya ya Haddon inatupa upande mmoja, na wahakiki wengi wameuchukua kuwa ndio wote.

Ushahidi wa kinyume umo katika ndoto ambayo Christopher anaipenda. Humo karibu watu wote duniani wanauawa na virusi, na wanaosalia ni watu wa aina yake. Anawafananisha na okapi wa msitu wa Kongo, mnyama mwenye haya na adimu kuonekana. Tashbihi hii ina uzito. Christopher angeweza kuota akiwa amebaki peke yake, lakini hakufanya hivyo. Amewaacha hai wengine wanaopenda upweke kama yeye. Huu ni ujamaa wa masharti: umbali uheshimiwe na mtu asilazimishwe kusoma nyuso. Ni kweli kwamba gharama yake ni maangamizi ya wanadamu wengine wote, na mhakiki hana budi kulisema hilo pia. Lakini kiu ya wenzake imo.

Hapa ndipo kasoro ya riwaya inapodhihirika. Wale ambao wangeweza kuwa okapi wenzake anakaa nao darasani kila siku, na hawatambui. Je, upofu huo ni wa mhusika au wa mwandishi? Haddon ana mbinu ya kuivunja sauti ya msimulizi. Barua za mama, zilizonukuliwa ndani ya masimulizi, zinaufichua uongo wa baba na kumfanya msomaji aone asiyoyaona Christopher. Mbinu hiyo amepewa mtu mzima. Hakuna rika hata mmoja aliyepewa barua, wala mazungumzo ya kutosha kumpinga msimulizi.

Mwalimu anayeikabidhi riwaya hii kwa wanafunzi wake kama kitabu cha maelekezo juu ya watoto hao anahatarisha jambo zito. Pengo la kisanaa litahamia darasani na kuwa sababu ya kumwacha mtoto halisi kwenye kona yake, kwa imani kwamba ndiko anakopenda. Pengo hilo ni la riwaya, na lisomwe hivyo.